Kusikilizana Wodini: Namna ya Kuondoa Vizuizi vya Mawasiliano baina ya Watumishi

Katika wodi yoyote, neno linalosikika mara nyingi kuliko mengine ni "sawa", na kwa uzoefu wangu ndilo linalopaswa kuchunguzwa kuliko mengine yote. Muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye miguu inamuuma na watoto wanamsubiri nyumbani, anasoma daftari la ripoti kwa haraka. Wenzake wa asubuhi wanaitikia "sawa" kila anapovuta pumzi. Na makabidhiano hayo ya dakika kumi yanamalizika bila mtu yeyote kujua ni nani ameelewa nini. "Sawa" hiyo inaweza kuwa na maana ya "nimeelewa", au "nimekusikia ila sijaelewa", au "sikubaliani nawe lakini wewe ni mkubwa wangu", au "maliza tuanze kazi". Sikio haliwezi kuzitofautisha, kwa sababu zote hutamkwa kwa sauti ile ile ya adabu.

Nimesimamia wodi kwa miaka mingi, kwanza ya upasuaji na baadaye ya wazazi, na mwongozo huu ninawaandikia wauguzi, wakunga, madaktari watarajali na wahudumu wa afya wanaopokezana zamu. Aliye ofisini, kiwandani au hotelini atakuta mengi yanayomhusu pia, lakini nitabaki wodini kwa kuwa ndiko ninakokujua, na kwa kuwa huko neno likipotea gharama yake hulipwa na mtu aliyelala kitandani, ambaye hakuwapo wakati wa mazungumzo. Ninaloamini ni kwamba vizuizi vingi vya mawasiliano miongoni mwetu vinatokana na heshima iliyowekwa mahali pasipo pake, hata kuuliza kukaonekana ni kumdharau aliyesema. Sipendekezi heshima iondolewe. Napendekeza taratibu chache zinazofanya kuuliza na kurudia kuwa sehemu ya kazi yenyewe, ili anayeuliza asionekane mjuaji wala mjinga.

Anza na saa, siku na tarakimu

Naanza hapa kwa sababu ndipo penye makosa mengi yasiyo na ugomvi wowote ndani yake, na kwa hiyo ni rahisi kuyarekebisha wiki hii hii. Sisi tunazungumza kwa saa za Kiswahili na kuandika kwa saa za Kiingereza. Chati ya dawa inaandikwa 14:00, mdomo unasema saa nane mchana, na mkono wa mtu aliyechoka unaandika 8:00. Kosa la aina hii huwa halina mwenyewe, maana kila aliyehusika anaweza kuapa kwamba alisema au aliandika sawasawa.

Lugha yetu ina mtego mwingine juu ya huo: "saa nane" ni wakati, na pia ni muda. Nimewahi kukuta mgonjwa aliyeandikiwa antibayotiki kila baada ya saa nane, yaani dozi tatu kwa siku. Agizo lilipopita mdomoni mara mbili, kutoka zamu moja kwenda nyingine, likawa "dawa ya saa nane", na mgonjwa akapewa dozi moja tu, saa nane mchana, kwa siku mbili mfululizo. Aliyegundua hakuwa mmoja wetu wa wodini. Alikuwa mfamasia aliyehesabu vichupa na kukuta vinne ambavyo havikupaswa kuwapo. Hakuna aliyekuwa mzembe katika mnyororo ule. Kila mmoja alifikisha maneno aliyopewa.

Ndiyo sababu watu wengi siku hizi husema "masaa manane" wanapokusudia muda, na walimu wa lugha huwakemea. Mimi napenda Kiswahili fasaha, na ninajua kwamba wingi wa saa ni saa. Hata hivyo, sijawahi kumkemea muuguzi anayesema "masaa", kwa sababu ninaelewa anachojinasua nacho. Njia iliyo fasaha na salama kwa pamoja ni kusema "kwa muda wa saa nane" unapokusudia muda, na "ifikapo saa nane mchana" unapokusudia wakati. Usitaje saa bila kutaja sehemu ya siku. Kwenye karatasi tumia mtindo mmoja tu, ule wa saa 24, na unapopokea agizo kwa mdomo litamke kwa namna zote mbili: "Saa nane mchana, kumi na nne kamili kwenye chati."

Siku nazo zina mgogoro wake. Kwa mtu aliyelelewa katika desturi za pwani, usiku hutangulia mchana wake, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaoanza Alhamisi jua linapozama. Kwa mwenzake aliyekulia kwingine, ni Ijumaa yenyewe baada ya kazi. Wote wawili wana haki, na wote wawili wanaweza kupangwa katika zamu moja kumwandaa mgonjwa wa upasuaji ambaye hatakiwi kula. Sema "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa", nawe utakuwa umewaridhisha wote. Kuhusu tarakimu, ukitaja kipimo kwa Kiingereza, kitamke mara ya pili kwa Kiswahili, kwa sababu kumi na tano na hamsini za Kiingereza hufanana sana kwenye simu mbovu. Nusu iandikwe 0.5, kamwe isiandikwe .5 peke yake, na tano iandikwe 5, isiandikwe 5.0, kwa kuwa nukta iliyofifia inaweza kumpa mgonjwa dozi mara kumi ya aliyoandikiwa.

Fanya kurudia kuwa wajibu wa kila mtu

Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia iliyofunikwa na ukungu, na watu 583 wakafa. Rubani mkuu wa KLM, mwalimu wa marubani aliyeheshimika katika shirika lake, alianza kuiondoa ndege akiamini ameruhusiwa, ilhali mnara wa kuongozea ndege ulikuwa haujatoa ruhusa hiyo. Mhandisi aliyekuwa naye chumbani aliuliza kama ile ndege ya Pan Am bado haijatoka njiani. Alijibiwa kwa mkazo kwamba imetoka, naye hakuuliza tena. Baada ya ajali hiyo neno la Kiingereza la kuruka lilitengewa kazi moja tu, ya kutoa au kufuta ruhusa ya kuruka, na katika miaka iliyofuata mafunzo ya marubani yakaanza kumfundisha mdogo namna ya kusema na mkubwa namna ya kusikia.

Ninaileta habari hii kwa sababu hospitali zimejifunza mengi kutoka kwa marubani, na la kwanza ni hili la kurudia. Anayepokea agizo analirudia kwa maneno yake, anayetoa anathibitisha au anasahihisha, na hapo ndipo agizo linahesabiwa kuwa limefika. Watu wengi wanalijua hilo. Kinachowashinda ni namna ya kulifanya bila kumvunjia mtu heshima. Ukimwambia muuguzi aliyekuzidi umri, "Hebu rudia nilichosema," umemgeuza mwanafunzi mbele ya watu. Jitwishe mzigo huo wewe: "Mama, naomba uniambie umenielewaje, nione kama nimeeleza vizuri." Nawe ukiwa ndiye unayepokea kwa mkubwa, tangulia kabla hajakuomba: "Dokta, naomba nirudie nilivyoelewa, unirekebishe." Sentensi hiyo ya pili nimeisikia kwa mabinti wa mwaka wa kwanza kazini ikiwaokoa mara nyingi, kwa sababu haimpingi mtu, inamwomba msaada, na kuomba msaada kwa mkubwa ni adabu kamili katika mila zetu.

Maagizo ya simu yawe na sheria kali zaidi. Andika kwanza, kisha soma ulichoandika, tarakimu kwa tarakimu, na jina la dawa kwa herufi zake pale linapofanana na jingine. Wodi ya wazazi ina mfano ulio wazi: hydralazine, inayoshusha presha ya mjamzito, na hydrocortisone huanza kwa sauti zinazofanana mno kwa mtu aliyeamshwa saa tisa usiku. Daktari akifika wodini, asaini pale pale ulipoandika.

Makabidhiano yenyewe yafanyike kitandani kadiri inavyowezekana, badala ya mezani. Mezani mnasoma daftari, kitandani mnaona dripu iliyokwama, mfuko wa mkojo ulio mtupu, na mgonjwa mwenyewe husema, "Sista, hiyo sindano ya alfajiri sikuchomwa." Mambo ya siri ya mgonjwa yasemwe pembeni kabla au baada ya kupita. Saa ya kuona wagonjwa isigongane na saa ya makabidhiano, na redio izimwe. Hilo halihitaji maelezo.

Unapomwita daktari: hali, historia, hofu, haja

Wenzetu wa Marekani walichukua kutoka jeshi la majini la nchi yao utaratibu wa kupanga taarifa ya dharura katika sehemu nne, wakauingiza hospitalini, na sasa unafundishwa katika vyuo vingi vya uuguzi kwa herufi zake za Kiingereza. Mimi huufundisha kwa maneno manne ya kwetu yanayoanza na herufi moja. Hali ni kile kinachotokea sasa hivi. Historia ni yale machache ya nyuma yanayohusika, si faili zima. Hofu ni kile unachodhani kinaendelea. Haja ni kile unachotaka mwenzako afanye, na afanye lini.

Sikiliza simu ambayo hupigwa kila usiku katika hospitali zetu. "Dokta, shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Yule mama wa kitanda cha sita hayuko vizuri." "Marahaba. Ana nini?" "Yaani hajisikii vizuri tu, dokta." "Sawa, endeleeni kumwangalia." Muuguzi ameita, daktari amejibu, na wote wawili wataandika kwamba mawasiliano yalifanyika. Linganisha na hii: "Dokta, shikamoo, ni muuguzi wa zamu wodi ya wazazi. Mama wa kitanda cha sita presha yake imeshuka, sasa ni 90 kwa 50, mapigo 124, na pedi ya tatu imelowa ndani ya nusu saa. Amejifungua kawaida, leo saa nne usiku, na presha ilikuwa 120 kwa 70. Nahofia anavuja damu nyingi. Naomba uje sasa hivi. Tumeshaweka dripu ya pili na nimemtuma mtu maabara kuulizia damu." Simu ya pili haifiki hata dakika moja. Tofauti yake kubwa ni yale maneno "nahofia" na "naomba uje sasa hivi", ambayo wauguzi wengi huyameza kwa kudhani kwamba kutaja ugonjwa ni kuingilia kazi ya daktari. Kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi duniani, na mwenye macho juu ya pedi saa tisa usiku ni mkunga. Kama hofu yake haisemwi, hakuna mwingine wa kuisema.

Utaona kwamba sikuondoa shikamoo katika simu ya dharura. Wapo wanaofundisha kwamba salamu zinapoteza muda kazini, nami sikubaliani nao. Shikamoo inachukua nukta moja, na mtu aliyesalimiwa hufungua masikio kabla hujamweleza jambo. Kinachoweza kuachwa ni ile habari ndefu ya za nyumbani, za watoto na za safari, na huo msamaha wa usumbufu ambao humwambia daktari, kabla hajasikia lolote, kwamba jambo lenyewe linaweza kusubiri.

Namna ya kumwambia mkubwa kwamba unaona hatari

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" ni methali ya kumlea mtoto. Wodini, mkuu akikosea na mdogo akanyamaza, anayevunjika guu ni mgonjwa. Lakini haitoshi kuwaambia vijana "semeni tu". Ni lazima wapewe maneno, na maneno hayo yapande ngazi kwa ngazi.

Ngazi ya kwanza ni swali lenye taarifa ndani yake: "Dokta, kwenye faili imeandikwa ana aleji ya penisilini; tuendelee na dawa hii?" Mara nyingi linatosha, na mkubwa anajirekebisha bila aibu kwa sababu umempa taarifa badala ya kumpa kosa. Asipojibu, au akijibu kwa haraka bila kutazama faili, panda: "Dokta, nina wasiwasi na dawa hii kwa sababu ya aleji hiyo." Ngazi ya tatu ni ya nadra, nayo husemwa kwa utulivu bila kupandisha sauti: "Dokta, naomba tusimame kwanza. Sitachoma sindano hii mpaka tuhakikishe." Yule mhandisi wa Tenerife alifika ngazi ya kwanza. Kwa hiyo kanuni yangu kwa wapya ni kwamba wasiwasi ukijibiwa bila kuangaliwa, unasemwa mara ya pili, na hilo wanakubaliwa mapema na wakubwa wote wa wodi, katika kikao, kabla haijatokea siku ya kulihitaji.

Mzigo mzito zaidi uko kwa mkubwa. Niliwahi kumjibu mwanafunzi wa uuguzi kwa ukali alipouliza kama chupa ya damu niliyoshika ilikuwa ya kitanda kile. Ilikuwa ya kitanda kile. Nilikuwa nimehakikisha, nilikuwa na haraka, na nikamwambia afanye kazi yake. Hakuniuliza tena jambo lolote mpaka alipomaliza mazoezi yake. Sitajua kamwe ni mangapi aliyaona akanyamaza. Tangu hapo, anayeniuliza namshukuru kwa sauti inayosikika na wengine, hata anapokuwa amekosea, na hasa anapokuwa amekosea, kwa sababu siku hiyo ndiyo wenzake wanaamua kama wao watauliza.

Mkubwa asome pia ishara kwa usahihi. Kijana anayeinamisha macho unapozungumza naye huenda anakusikiliza kwa makini kabisa. Ndivyo alivyofunzwa kwao. Usimkazie akutazame machoni. Mpe kazi ya kurudia, na majibu yake yatakuonyesha kama yupo nawe.

Jambo jingine linalosaidia ni majina. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha ya kuhakiki usalama wa upasuaji, yenye vipengele 19, na kimojawapo ni kwamba kila aliyemo chumbani amejitambulisha kwa jina na kazi yake kabla ya mgonjwa kupasuliwa. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na moja kati ya hizo nane ni hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo ya hospitali zote nane kwa pamoja, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kwamba vifo vya wagonjwa waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha ina mengi, na siwezi kudai kwamba kutajana majina ndiko kulikofanya kazi hiyo yote. Ninachokiona kwa macho yangu ni kwamba mhudumu aliyesikika akitaja jina lake mwanzoni huona wepesi wa kusema tena anapoona kitambaa kimoja hakionekani, wakati yule aliyeingia kimya hubaki kimya hadi mwisho. Fanya hivyo na kwenye makabidhiano kila anapokuwapo mgeni, mwanafunzi au mtu wa kuazimwa kutoka wodi nyingine.

Zungumza lugha ambayo kila mwenye kazi anaielewa

Tunasomea uuguzi kwa Kiingereza, tunaandika mafaili kwa Kiingereza, tunaongea kwa Kiswahili, na mgonjwa huenda anaumwa kwa Kisukuma au Kigogo. Katika kuvuka huko kote ndiko maneno yanakodondoka. Katika hospitali moja niliyofanya kazi, mgonjwa wa upasuaji alitundikiwa kitandani kibao chenye herufi tatu, NPO, ambazo ni kifupisho cha Kilatini cha kuzuia mtu asipewe kitu mdomoni. Asubuhi mhudumu aliyekuwa akigawa uji alimkuta mgonjwa huyo amenyong'onyea, akamwonea huruma, akamnywesha kikombe kizima. Upasuaji ukaahirishwa, mhudumu akasemwa vibaya mbele ya wodi nzima, naye akauliza kwa upole swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake: "Sasa mlitaka nijue kwa maneno yapi?" Kibao tulikibadilisha jioni ile ile, kikaandikwa ASILE, ASINYWE, HATA MAJI.

Kipimo changu ni rahisi. Kabla ya kuandika au kusema agizo, jiulize ni nani wa mwisho litakayemfikia mkononi. Kama ni mfamasia, Kiingereza cha kitaalamu kinafaa. Kama ni mhudumu, msafishaji, mlinzi wa mlangoni au ndugu wa mgonjwa, andika Kiswahili kamili bila vifupisho. Mhudumu na msafishaji waitwe kwenye sehemu ya makabidhiano inayowahusu, kwani wao ndio wanaopita kila kitanda, na mara nyingi ndio wagonjwa wanaowaambia ukweli.

Kununiana, mafumbo na makaripio

Kizuizi hiki hakimo katika vitabu vingi vya menejimenti, lakini kila msimamizi wa wodi anakijua: wauguzi wawili wamenuniana, na ripoti ya zamu inapita kwa mtu wa tatu. "Mwambie mwenzako kitanda cha nne kinahitaji kubadilishwa kidonda." Chanzo huwa ni ratiba ya sikukuu, au mchango wa msiba uliosahaulika, au neno lililosemwa chumba cha chai. Usingoje liishe lenyewe. Waite wawili hao siku hiyo hiyo, faragha, mpe kila mmoja nafasi ya kusema bila kukatizwa, na usilazimishe wapatane palepale. Waombe jambo moja tu, kwamba kuhusu mgonjwa watasemezana uso kwa uso. Upatanisho wa moyo utafuata wakati wake, au hautafuata, lakini kidonda kitabadilishwa.

Mafumbo ni sanaa kubwa ya lugha yetu, nami nina kanga ambazo maneno yake nimeyachagua kwa makusudi. Katika makabidhiano hayana nafasi. Anayesema "wengine hapa kazi yao ni kuonja tu" amewakasirisha watu watano na hakumrekebisha yeyote. Sema tendo, siku na athari, kwa mhusika mwenyewe: "Dada, jana jioni chati ya kitanda cha tatu haikujazwa, na mimi nikashindwa kujua kama apewe dawa ya presha. Kulikuwa na nini?" Lile swali la mwisho ulimaanishe. Mara nyingi utasikia jambo usilolijua, kama vile kwamba alikuwa peke yake na wagonjwa thelathini. Kumkosoa mtu mbele ya wagonjwa au ndugu zao usifanye kabisa, isipokuwa mkono wake uko njiani kufanya madhara sasa hivi. Hapo useme, na baadaye umfuate umweleze kwa nini hukungoja.

Simu ya mkononi

Kundi la WhatsApp la wodi ni zuri kwa ratiba, misiba na harusi. Si mahali pa maagizo ya mgonjwa. Alama mbili za buluu zinaonyesha kwamba ujumbe umefunguliwa, hazionyeshi kwamba umeeleweka, na aliyeishiwa bando hajaona chochote. Badiliko lolote la zamu linalotokea ndani ya saa 24 lipigiwe simu na mhusika aseme kwamba amelipokea. Jina, picha au faili la mgonjwa lisitumwe humo. Mbali na maadili ya kazi yetu, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019, na taarifa za afya ni miongoni mwa zinazolindwa kwa ukali zaidi.

Daftari la maswali

Taratibu hizi zote hufifia baada ya mwezi mmoja kama hakuna kinachozishikilia. Sisi tulichora safu moja ya ziada kwenye daftari la ripoti, upande wa kulia, tukaiita "swali". Anayepokea zamu anaandika humo angalau swali moja alilouliza, na anayekabidhi anaandika jibu kabla hajaondoka. Wiki za mwanzo wengi waliandika maswali ya kujaza nafasi. Kisha yakaanza kuingia maswali ya kweli, na mengine yalitoka kwa watu ambao sikuwahi kusikia sauti zao kwenye makabidhiano. Kila mwisho wa mwezi huwa ninayasoma yote, nikitafuta neno linalojirudia, kwa sababu swali likiulizwa mara tatu na watu watatu tofauti, tatizo liko kwenye fomu au kwenye utaratibu wetu. Moja ya majuzi, kwa mwandiko wa mkunga aliyeajiriwa mwaka huu, linasema: "Kitanda cha tisa, dripu ya saa nane, ni wakati au muda?" Na mbele yake, kwa mwandiko wa muuguzi anayekaribia kustaafu: "Muda. Ilianza 14:00, iishe 22:00. Ahsante kwa kuuliza."